Maswali ya Wasomaji: Mpigaji wa Kriketi na Njia ya Timu ya Taifa

Mwanangu ana miaka 15, yuko sekondari. Kwenye mechi za shule amevuka mikimbio 50 mara nyingi. Watu wananishauri nimtafutie nafasi Uingereza. Nianzie wapi?
*Mama wa mpigaji, Arusha*

Mama, njia iliyo karibu ipo hapa hapa nyumbani. Miaka 15 ndiyo umri wa chini ambao Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC, linauruhusu kwa mechi za kimataifa, kwa hiyo kijana amefika mlangoni. Timu ya Tanzania ya chini ya miaka 19 ilishinda mchujo wa Afrika mwaka 2025, na mwaka 2026 ikacheza Kombe la Dunia la vijana kule Zimbabwe na Namibia kwa mara ya kwanza. Tena, tangu Januari 1, 2019, mechi ya ova 20 (ova moja ni mipira sita) kati ya timu za taifa za wanaume za nchi wanachama wa ICC inahesabiwa kuwa ya kimataifa. Hapo zamani hadhi hiyo ilikuwa ya nchi chache mno.

Anza na makaratasi. Cheti cha kuzaliwa, hati za shule na pasipoti visome jina moja na tarehe moja. Herufi moja ikitofautiana au mwaka ukigongana, kijana anaweza kuachwa wiki ya safari, na marekebisho huchukua muda mrefu. Fanya hilo sasa, usingoje aitwe kambini.

Kisha mtoe kwenye mechi za shule, aingie klabu inayocheza ligi kwa mpira mgumu. Mikimbio 50 dhidi ya warushaji wa umri wake haimwambii mteuzi mambo mengi. Unapochagua klabu, jina lake lisikuvute. Uliza: atapiga akiwa namba ngapi katika mpangilio wa wapigaji? Mechi ya ova 20 ina mipira 120 tu kwa kila upande, na kijana anayewekwa namba 6 katika klabu kubwa anaweza kumaliza msimu akiwa ameona mipira michache sana. Klabu ndogo inayompa namba 1 hadi 3 itamlea vizuri zaidi.

Nina miaka 19. Kwenye mkeka napata mikimbio bila shida. Nikienda Nairobi kucheza kwenye pichi ya udongo na nyasi, natolewa mapema: ama vijiti vinaangushwa, ama mpira unanigonga mguu mbele ya wiketi. Tatizo ni nini?
*Mpigaji wa mkono wa kulia, Kisumu*

Ndugu yetu, swali lako ndilo limewakwamisha wapigaji wengi wa Afrika Mashariki wenye kipaji cha kweli, kwa hiyo tutakaa nalo.

Mkeka uliotandikwa juu ya saruji huurudisha mpira juu, na kimo chake hakibadiliki sana. Mwili wako umezoea kusubiri mpira kiunoni, kisha unaupiga kwa gongo lililolala. Kwenye udongo mpira uleule hubaki chini, mwingine huteleza, na ukiangukia mshono hukata kuingia au kutoka. Pigo lililokupa mikimbio minne Kisumu linapita juu ya mpira Nairobi. Macho yako hayana kasoro. Unachotakiwa kubadili ni mguu, kichwa na muda wa kupiga.

Mguu kwanza. Anayetolewa kwa mguu mbele ya wiketi mara nyingi ameutupa mguu wa mbele kukatiza mbele ya vijiti, na gongo likalazimika kuuzunguka ili kuufikia mpira. Mguu utue kando ya njia ya mpira, kidole gumba kikielekea upande wa kaunta (kulia kwako ukimtazama mrushaji; kushoto ni upande wa miguu), na goti likunjwe. Kichwa kitangulie mguu: kikiangukia upande wa kaunta, mguu hukifuata huko, na mpira unaoingia utakukuta umefungwa. Mkono wa juu ushike imara. Wa chini ushike kwa vidole tu, maana ukikaza ndio unaolilaza gongo. Piga mpira ukiwa chini ya macho yako, usiufuate mbele.

Jambo la pili ni kuacha. Katika ova 8 hadi 10 za kwanza mpira bado mgumu na mshono umesimama, na mrushaji mzuri atauangusha mita 6 hadi 8 mbele ya vijiti vyako, nje kidogo ya kijiti cha kaunta. Ukijua kijiti chako cha kaunta kiko wapi, mpira huo unauachia upite. Ndiyo maana tunasisitiza uweke alama ya kusimamia ileile kila siku. Anayesimama kati leo na kesho upande wa miguu hawezi kujua kipi cha kuacha.

Kama huna pichi ya udongo karibu, zoezi ni hili. Chukua mipira ya tenisi, iloweshe, na mwenzako airushe kutoka mita 15 kwenye saruji au sakafu laini. Mpira uliolowa huteleza na kubaki chini, karibu na tabia ya udongo. Piga mafungu matano ya mipira sita, kila mpira kwa gongo lililosimama, na pumzika kila baada ya fungu. Fungu la sita usipige chochote kilicho nje ya kijiti cha kaunta. Kwa mpira unaopinda, funga nusu ya mpira wa tenisi kwa tepu ya umeme. Mwenzako aurushe mara chache mwone unaelekea wapi, kisha augeuze bila kukuambia. Fanya hivyo siku tatu kwa wiki kwa wiki sita kabla ya kutathmini, na usitumie mpira mgumu kwenye sehemu yenye mabonde.

Nenda na daftari pia. Kila ukitolewa, andika: mrushaji wa kasi au wa kuzungusha, mkono gani, mpira uliangukia wapi, ulikuwa umepiga mipira mingapi. Baada ya mechi kumi utaona jambo moja likijirudia, na hilo ndilo la kufanyia kazi.

Uganda ilifika Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2024, kisha katika mechi tatu wapigaji wake wote wakatolewa kwa mikimbio 58, 39 na 40. Wapigaji wetu hawana uwezo?
*Msomaji, Kampala*

Uwezo upo. Timu hiyohiyo iliifunga Zimbabwe kule Windhoek mwaka 2023 katika mchujo, na kwenye fainali zenyewe iliifunga Papua New Guinea baada ya kuwatoa wapigaji wake wote kwa mikimbio 77. Lakini tazama nani alizivunja zile mechi mbili za mwanzo ulizotaja. Fazalhaq Farooqi wa Afghanistan alichukua wiketi 5, yaani aliwatoa wapigaji watano, kwa mikimbio 9. Akeal Hosein wa West Indies alichukua 5 kwa 11. Mmoja ni wa kasi na mwingine wa kuzungusha, na wote wanarusha kwa mkono wa kushoto.

Mrushaji wa kasi wa mkono wa kushoto, akiupitisha mkono karibu na vijiti, huuleta mpira kutoka upande wa miguu yako kuvuka kwenda kaunta. Mpigaji wa kulia anaufuata kwa mguu, halafu mpira unapinda kurudi ndani. Dawa yake ni kufungua bega la mbele kidogo ili macho yote mawili yamtazame mrushaji, kuuacha mguu wa mbele nje ya njia, na kupiga kuelekea alikotoka mrushaji.

Halafu kuna kasi. Mpira wa kilomita 135 kwa saa hukufikia kwa takribani nusu sekunde. Wa kilomita 110 hukupa karibu sehemu ya kumi ya sekunde zaidi, na mtu aliyezoea huo wa pili huanza kusogea akiwa amechelewa. Kasi hiyo haizoeleki kwa maneno. Kocha atumie kijiko cha kurushia mpira, asogee kutoka mita 18 hadi 16 kadiri wiki zinavyokwenda, na mpigaji avae helmeti ya kiwango cha BS 7928:2013. Pengo kati ya wavu wa uso na ukingo wa kofia lazima liwe dogo kuliko mpira.

Hili lina historia. Kenya ilicheza Kombe la Dunia la ova 50 mara tano mfululizo, kuanzia 1996 hadi 2011, na mwaka 2003 ikafika nusu fainali. Mwaka 2011 wapigaji wake wote walitolewa na New Zealand kwa mikimbio 69 kule Chennai, na mwaka 2014 ikapoteza hadhi ya mechi za siku moja. Mpigaji anayekutana na kasi ya kweli mara moja kwa miaka minne atashindwa, awe wa Kampala, Nairobi au Dar es Salaam. Vyama vyetu vinunue ratiba ya mechi ngumu kabla ya kununua jezi.

Nichague gongo la uzito gani?
*Mwanafunzi, Mombasa*

Kilo 1.13 hadi 1.25 zinawatosha watu wazima wengi. Lishike kwa mkono wa juu pekee, linyanyue mara kumi. Likianza kuyumba, ni zito kwako. Likiwa jipya, lipake mafuta ya kitani usoni na pembeni kwa safu nyembamba, usiguse maungio ya mpini. Ligonge kwa nyundo ya mbao kwa jumla ya saa sita hivi, ukiongeza nguvu polepole, kisha anza na mpira wa zamani. Magongo mengi hupasuka ncha kwa sababu hatua hii imerukwa.

Nina miaka 24 na sijawahi kuitwa timu ya taifa. Nimechelewa?
*Mpigaji, Mwanza*

La. Steve Tikolo wa Kenya alikuwa na miaka 24 alipocheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa ya siku moja, Februari 1996 dhidi ya India kule Cuttack, akapata 65. Wiki chache baadaye akafikisha 96 dhidi ya Sri Lanka kule Kandy. Lakini alikuwa amejijenga kwenye ligi ya Nairobi kabla ya hapo, na wewe utahitaji ligi ya namna hiyo. Kama Mwanza hakuna, hamia Dar es Salaam kwa msimu mzima, usije kwa siku ya majaribio tu. Siku ya majaribio utapigishwa mipira 12 au 18 kwenye neti, na hiyo haitoshi kuonyesha subira. Beba nakala za karatasi za alama za mechi zako, zikionyesha mipira uliyokabili na wapinzani walikuwa akina nani, na mpe mteuzi mkononi kabla hujavaa pedi.