Maswali ya Wasomaji: Nitoe pesa ya mianzi au nilipe karo?

SWALI: Mzee, salamu kutoka Kasese, Uganda. Nina mgahawa karibu na mto Nyamwamba. Mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) anataka kila nyumba itoe shilingi 30,000 tupande mianzi kingoni, eti kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Mwanangu aliye chuoni anasema hata wachumi hawaelewani kama gharama hizi zina faida. Viwanda vilivyochafua hewa haviko Kasese, na karo inanisubiri. Nitoe? (Mama wa mgahawa)

JIBU: Toa, mama. Lakini mwanao hakukosea, kwa hiyo tupige hesabu.

Wachumi wanabishania hasa jambo moja: hasara ya kesho ina thamani gani leo. Chukua hasara ya milioni 100 itakayotokea miaka 50 ijayo. Nicholas Stern, aliyeiandikia serikali ya Uingereza ripoti mwaka 2006, aliipunguza kwa karibu asilimia 1.4 kila mwaka. Kwa hesabu hiyo ni sawa na milioni 50 leo, basi inafaa kutumia pesa nyingi kuizuia. William Nordhaus, Mmarekani aliyepata Nobel mwaka 2018, aliona kiwango hicho ni kidogo mno. Ukiweka asilimia 5, zinabaki chini ya milioni 9. Hata hivyo Nordhaus naye anataka kaboni, ile hewa chafu inayoongeza joto, itozwe kodi. Wanachogombania ni kasi ya kuchukua hatua.

Sasa, ubishi huo unamfaa mtu ambaye hasara yake iko mbali. Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020 na kuibomoa hospitali ya Kilembe. Hapo hakuna miaka 50 ya kupunguzia. Nimekuwa afisa wa mikopo huko magharibi, na hasara hiyo naijua: palipokuwa na migomba pamejaa mawe, deni linaendelea kuzaa riba, na mkopaji amekaa mbele yako na mkataba wa kiwanja ambacho sasa ni mto. Hasara yake haiandikwi kwenye bajeti ya mtu yeyote. Ndiyo maana kupambana na tabianchi kunaonekana ghali, na kukaa bure kunaonekana hakugharimu kitu. Jambo hili linaniuma sana.

Kuhusu viwanda, haki iko upande wako. Mwaka 2009, kwenye mkutano wa tabianchi kule Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kuzisaidia nchi maskini kukabili mabadiliko haya, na kufikisha dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Zilifikisha 2022, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize hilo.

Mianzi hushika udongo wa kingo, lakini haitazuia mawe yanayoporomoka kutoka milima ya Rwenzori. Kuta na kuzibua mto ni kazi ya serikali, msikubali mchango wenu uwe kisingizio. Uliza pia nani anashika pesa, kama kuna risiti, na nani atazuia mbuzi wasile miche. Karo ikibana, omba utoe 15,000 sasa na iliyobaki muhula ukishaanza.