Kijiko kimoja cha maji

Binti yangu, umeandika kwamba baba yako ametoka hospitali baada ya kiharusi, wiki ya tatu sasa. Wageni wanamiminika kumwambia "mshukuru Mungu mzee, umezaliwa upya", naye anatazama ukuta. Ukauliza kama ndiyo kusema hashukuru, na sisi tuliopita njia hiyo tulianza lini kuona utamu wa kuishi.

Wenzangu wamekujibu kwa aya na hadithi, na sina ubishi nao. Mimi nitakujibu kama mtu aliyewahi kutazama ukuta.

Nina miaka 53, ni mchuuzi wa dagaa mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Presha ninayo tangu mimba yangu ya mwisho. Nilikuwa nameza kidonge kila asubuhi bila matatizo mpaka mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu hakuna dagaa, hakuna hela. Nikaanza kumeza siku moja na kuruka moja, kisha nikaruka zote. Kibaya zaidi, nilijisikia vizuri! Presha haipigi hodi. Ziwa lilipofunguliwa nikarudi mwaloni mbio mbio kufidia miezi niliyopoteza, vidonge sikuvikumbuka hata kwa bahati mbaya.

Ilikuwa siku za giza, mwisho wa Oktoba. Kwa msiojua mambo yetu: dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi, kwa hiyo siku za giza ndizo siku zetu za kula. Vipe, vyombo vyetu vya kuvulia, vilirudi alfajiri vimejaa, watu wanagombania. Mwenye mzigo akaniuliza natoa ngapi. Nikafungua mdomo kusema elfu kumi na nane, kikatoka "efu, efu, efu". Vijana wakacheka, wakajua bibi leo kaamua kuwafanyia vituko, maana mimi kwa maneno najulikana. Kisha kisado kikaniponyoka mkono wa kulia, dagaa chwaa, mchangani. Nakumbuka niliwakasirikia wale dagaa. Mkono wenyewe wala sikuuwazia.

Wenzangu wakasema ni upepo mbaya. Nikapakwa mafuta, nikapelekwa nyumbani, nikalazwa, akaitwa mzee wa kunisomea dua. Mume wangu, mzee wangu, alikuwa Ujiji kwa shughuli zake, alipofika ilikuwa saa sita mchana. Akaniangalia mdomo ulivyokwenda upande, hakuuliza kitu, akanibeba mpaka kwenye bajaji.

Siwalaumu walionipaka mafuta. Ningekuwa na ulimi ningesema mwenyewe nipelekeni nyumbani nikalale. Ila wanaosoma hapa washike hili: ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mshipa wa ubongo, na dawa hiyo ina saa zake, nne na nusu hivi tangu dalili kuanza, na si kila hospitali inayo. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakigongana, ni hospitali kwanza. Dua mtu anaweza kusomewa hata ndani ya bajaji.

Nikapigwa picha ya kichwa. Daktari akamwambia mzee wangu kwamba mshipa umeziba, haujapasuka. Akaeleza kuwa kwa macho huwezi kutofautisha, na ndiyo maana hawakunipa dawa ya kuzuia damu kuganda kabla ya picha, kwani kama mshipa ungekuwa umepasuka dawa hiyo ingenimaliza. Mimi nilisikia kila neno. Watu hudhani asiyeweza kusema hasikii. Walijadili mpaka nani atachukua meza yangu mwaloni.

Sasa nije kwenye maji, maana ndiyo hasa yaliyonifanya niandike.

Jioni ile nesi alikuja na kikombe na kijiko. Akanikalisha, akanipa maji kijiko kimoja. Nikakohoa mpaka macho yakataka kutoka. Akaweka kikombe chini, akaandika, akasema huyu hapewi kitu chochote kwa mdomo. Kumbe kiharusi kilishika na koo. Maji, ambayo ndiyo mepesi kuliko vyote, ndiyo hatari zaidi: yanateleza upesi kuliko koo linavyoweza kujifunga, yanaingia mapafuni, unapata nimonia. Nikatiwa mrija puani, uji ukawa unapitia huko.

Siku kumi na moja.

Dripu inakupa maji mwilini lakini mdomo hauna habari. Ulimi ulikuwa kama kipande cha jamvi. Usiku nasikia mgonjwa wa kitanda cha pili anafungua chupa, anakunywa, guguguu, anashusha pumzi. Nilimwonea wivu yule mama ambao sijawahi kumwonea mtu mwenye nyumba ya ghorofa. Nimezaliwa kando ya ziwa hili, kina chake kinafika mita 1,470, nimelioga, nimelifulia, nimelilaani lilipowameza watu wetu. Na hapo nalilia kijiko.

Siku ya kumi na mbili nesi alirudi. Akanikalisha wima kabisa, akanifundisha kuinamisha kidevu mpaka karibu na kifua wakati wa kumeza, kwa sababu ukifanya hivyo njia ya hewa inakingwa. Kijiko kimoja. Yalikuwa ya vuguvugu, yana ladha ya bati la kijiko. Nikainama, nikameza. Yakashuka. Nilihisi yanapita hapa, na hapa, mpaka tumboni, kama mtu anayetembea chumba kwa chumba akifungua madirisha.

Sikusema alhamdulillahi. Neno langu la kwanza lililoeleweka tangu niugue lilikuwa "tena".

Basi ungedhani toka hapo nilikuwa mtu wa furaha. Hapana. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoanza kutazama ukuta, kama baba yako. Mkono wa kulia hauwezi kufunga kitenge, napelekwa chooni na mkwe wangu (mkwe!), halafu jioni wanakuja watu kumi wanakaa mkekani, kila mmoja ananiambia nishukuru. Shukrani ikawa kama deni, na wanaonidai hawakosi hata siku moja. Kuna mmoja alinihesabia watu wote anaowajua waliokufa kwa kiharusi, ili nione nilivyopendelewa. Kama ningekuwa na mkono ningemrushia kikombe.

Tena kuna kulia. Nalia bila sababu. Honi ya treni ikisikika kutoka stesheni, nalia. Mjukuu akianguka na kuinuka mwenyewe akicheka, nalia. Nilidhani nimechanganyikiwa, mpaka kwenye kliniki daktari akasema ubongo uliojeruhiwa hufanya hivyo, kicheko na kilio vinatoka bila kuitwa. Akasema pia kwamba karibu mmoja kati ya watatu wanaopata kiharusi huingiwa na sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, na ni ugonjwa unaotibika, si ukosefu wa imani. Kusikia tu kwamba kuna jina kulinipunguzia mzigo. Kwa hiyo ukuta wa baba yako usiuchukulie kama utovu wa shukrani. Mwambie daktari wake.

Kilichonirudisha mimi ni harufu. Najua watu hupenda kuandika kuhusu jua linavyozama ziwani nyuma ya milima ya Kongo, na ni kweli, baada ya mvua milima ile inaonekana kama unaweza kuigusa. Lakini sikuwahi kuwa na muda wa jua, na baada ya kuugua sikuupata ghafla. Siku moja alikuja mwenzangu wa mwaloni moja kwa moja kutoka kazini, hajaoga, hajabadili kanga. Ananuka dagaa. Harufu ambayo kwa miaka thelathini nimeisugua kwa limau na sabuni nisije nikaaibika msikitini. Akaniinamia kunisalimia, nikamshika kanga yake kwa mkono wa kushoto nikakataa kuiachia. Akadhani nina maumivu. Nilikuwa nanusa tu.

Huyo hakuniambia nishukuru. Aliniambia bei imepanda, mvua imewaharibia dagaa chanjani, na fulani kakimbia na hela za kikundi. Nikamsikiliza saa nzima. Kesho yake akaniletea dagaa kwenye ungo, akasema huna kazi, chambua, toa mawe. Mkono wa kulia nikaulazimisha. Siku ya kwanza nilitoa mawe saba. Mtu wa mazoezi wa hospitalini alipoona, akasema hakuna mazoezi ya vidole yanayozidi hayo, endelea.

Chakula nacho kilirudi kwa mafungu. Kwanza uji mzito. Kisha ugali laini wa muhogo na mchuzi wa mawese, bila samaki, kwani mwiba kwa koo langu ulikuwa kesi nyingine. Chumvi ikapunguzwa, na hapa sitakudanganya, ni adhabu, mpaka leo nalalamika. Mwezi wa tatu tangu niugue nikaruhusiwa samaki, mgebuka. Mzee wangu alikaa akachambua nyama mwiba kwa mwiba kama anayesaka sindano, akaniweka tonge mdomoni. Mtu ambaye kwa miaka yote ya ndoa hajui sufuria zinawekwa wapi. Nikasema nataka kichwa. Akasema kichwa hapana. Tukagombana. Nilikila kichwa miezi miwili baadaye, nikakinyonya mpaka macho, jasho linanitoka.

Alikuwa na mzaha wake, ananiita Liemba. Unaijua meli yetu: Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 isiangukie mikononi mwa adui, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi majini kubeba abiria. "Wewe ni Liemba," anasema, "umezama umeibuka." Siku ulimi ulipokuwa na nguvu nikamjibu kwamba Liemba kabla ya kuzamishwa mitambo yake ilipakwa grisi nzito, ndiyo maana ilipoibuliwa ilifaa. Mimi nilizama bila grisi. Tangu siku hiyo vidonge vya presha hapa nyumbani vinaitwa grisi. "Bibi umepaka grisi?" Mjukuu ndiye msimamizi, na rushwa hapokei.

Umeuliza lini. Nadhani nilijua nimepona siku nilipomfokea jirani kwa sababu kuku wake wameparua dagaa wangu. Nilifoka kwa sentensi nzima nzima, "r" na "l" kila moja mahali pake, mkono wa kulia hewani unaonyesha kidole. Katikati ya ugomvi nikagundua: nasema! Nikacheka, jirani akadhani namdharau, tukaongeza dakika kumi nyingine. Jioni nikampelekea bakuli la dagaa.

Na nikwambie jambo ambalo wenzangu hapa hawajalisema: shukrani inachakaa. Ile ya kijiko cha kwanza sikuwahi kuipata tena kwa ukubwa ule. Leo nakunywa maji nikiwa nawaza madeni, kama mtu yeyote. Mwanzo hilo lilinitia hatia, nikajiona mtu wa kusahau fadhila. Sasa naona kumbe ndiyo afya yenyewe, kunywa maji bila kuyawaza. Ila mara moja moja, hasa usiku nikiamka na kiu, nachukua kata mtungini, na yakishuka namkumbuka yule mama wa kitanda cha pili, guguguu.

Kuhusu baba yako, nifanyie mambo machache. Mwangalie anapokunywa. Akikohoa, au sauti ikibadilika kama ana kitu kooni, mrudishe wamwangalie koo, na asinywe akiwa amelala. Akimaliza kula akae wima nusu saa. Wageni wapunguze, waambie daktari kasema, Mungu atakusamehe. Kisha ukae naye peke yako, usimwulize kama anashukuru. Mwulize ana hamu ya nini. Kama alikuwa fundi, mpe msumari aushike. Kama alikuwa mtu wa kahawa barazani, tafuta mzee mmoja mwenye umbea aje amweleze nani kauza kiwanja.

Nimeandika kirefu kwa sababu kuna mbalamwezi, vipe vimelala ufukweni, wiki hii mwaloni hakuna kazi. Birika linachemka, nimetia tangawizi nyingi. Hata leo nainamisha kidevu kabla ya kumeza, imekuwa tabia, na mjukuu wangu anawaambia wenzake kwamba bibi yake ana adabu sana, hukiinamia kikombe kukiamkia. Ngoja niende nikakiamkie.