Fundi Tuambie: Mashine ya bateri inagonga tu, nati ya Fuso haitoki

Wiki hii nimechukua barua tatu, mbili za Kigoma na Tabora zinazungumzia kitu kimoja karibu, hizi mashine za bateri za kufungulia nati ambazo saa hizi kila kijiwe cha pancha kinazo, na ya tatu ni fupi ya kuchaji.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kijiwe cha pancha hapa Mwanga, Kigoma. Nimenunua mashine ya bateri Kariakoo nikatumiwa kwa basi, imeandikwa 388V na kwenye boksi wameandika 1000. Noah na Hiace inafungua kama nacheza, lakini zikija Fuso zinazobeba chumvi kutoka Uvinza inagonga dakika nzima, bateri inachemka mpaka huwezi kuishika na nati haisogei hata kidogo, mwisho tunarudi kwenye bomba la kurefusha mpini wa spana. Nikope niongeze hela nichukue kubwa au hizi za bateri ndo zilivyo? (Fundi pancha, Mwanga)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usikope kwanza.

Anza na kitu cha bure. Fuso nyingi za Japani tulizonazo, hasa za zamani, nati za tairi za upande wa kushoto, ule wa tingo, zina nyuzi za kushoto, yaani zinafunguka kwa kuzungusha kulia. Futa uchafu kwenye kichwa cha stadi, ile boliti nati inapofungwa, utaona herufi L, na upande wa dereva utaona R. Nimeshakuta vijana wawili wanaipiga nati na mashine robo saa wanasema imeganda, kumbe wanaikaza, na kila wanavyobadilisha bateri wanaikaza zaidi. Alafu hizo hizo Fuso nyuma zina nati mbili kwenye stadi moja, ya nje ya pembe sita namba 41 na ya ndani yenye kichwa cha mraba namba 21, sasa ukiikaza ile ya ndani bila kulegeza ya nje unakuwa hujakaza kitu. Hilo liangalie kabla hujalaumu mashine.

Sasa mashine yenyewe. Hiyo 388V siyo volti, niamini. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6, ikijaa kabisa inafika 4.2. Hizi bateri za mkononi zimepanga seli 5 kwa mstari, kwa hiyo ni 18, na ikitoka kwenye chaja ni 21. Chukua mita yako ya umeme upime sasa hivi, utasoma 20 na kitu au 21. Ili upate volti 388 ungehitaji seli kama 108, hizo ni karibu kilo 5 za seli peke yake, we bateri yako unaibeba kwa vidole viwili. Hata zile za makampuni makubwa wanazoandika 20V ni 18 hizo hizo, wao wamehesabu ikiwa imejaa, ila angalau hiyo ina ukweli ndani yake.

Cha pili pima uzito. Nenda kwa muuza dagaa pale Kibirizi muombe mizani dakika moja. Bateri ya kweli ya 5Ah (ampea-saa, kiasi cha umeme inachobeba) yenye seli 10 za kawaida haiwezi kuwa chini ya gramu 500, maana seli moja peke yake ni gramu 45 na zaidi, bado ganda, waya na saketi. Ukikuta gramu 350 jua ndani kuna seli 5 tu, mstari mmoja, na hapo ndo penye ugonjwa wako. Mota ikikutana na nati ngumu inaomba ampea nyingi kwa mpigo, mstari mmoja hauwezi kuzitoa, volti inashuka, nyundo inapiga polepole na umeme wote unaishia kuwa joto kwenye seli. Ndo maana Noah inatoka na Fuso haitoki, na ndo maana bateri inakuunguza mkono. Mota nzuri ukiifunga bateri dhaifu inakuwa mashine dhaifu, hamna njia ya kulizunguka hilo.

Tuje kwenye hiyo 1000. Elfu moja ya nini? Nguvu ya kuzungusha, mafundi tunaita toki, inapimwa kwa nyutoni mita, Nm, lakini Wamarekani wanatumia futi na pauni na 1 yao ni sawa na 1.356 yetu. Alafu kuna namba mbili, ya kukaza na ya kufungua, na ya kufungua siku zote ni kubwa zaidi kwa hiyo ndo wanayoiandika kwa herufi nene. Mfano DeWalt DCF899 ya nusu inchi (upana wa ule mraba unapochomeka soketi) kukaza ni 950 Nm, kufungua 1,625. Milwaukee 2767 kukaza ni 1,356, kufungua 1,898. Boksi lililoandika namba bila kusema ni ya nini halijakuambia kitu. Na hata hizo za ukweli zimepimwa na bateri kubwa iliyojaa, soketi mpya, boliti safi. We unaifunga kwenye kutu ya chumvi.

Ngoja nikupe kipimo ambacho unacho hapo kijiweni. Tingo wa kilo 70 akisimama mwisho wa bomba la mita 1 anatoa kama 690 Nm. Watu wawili wa uzito huo mwisho wa bomba la mita moja na nusu ni kama 2,060. Sasa kumbuka zile Fuso za Uvinza mlizifungua vipi mara ya mwisho, mlisimama wangapi? Nati ya lori inakazwa kwenye 550 mpaka 600 Nm hivi kutegemea gari, lakini ikikaa msimu mzima na chumvi na maji inashikana, nguvu ya kuifungua inapanda mbali juu ya ile iliyoikaza. Kwa hiyo kama mlikuwa wawili mnaruka kwenye bomba, mashine ya kweli ya 950 nayo ingekutoa jasho.

Ila kuna kitu bomba haina. Ndani ya mashine kuna kinyundo cha chuma na springi, mota inazunguka, nati ikigoma kinyundo kinarudi nyuma kinapanda kwenye gololi alafu kinaachia na kupiga, mapigo zaidi ya 2,000 kwa dakika zile nzuri. Kila pigo ni fupi sana, ndo maana mkono wako haukunjwi, na pigo fupi ndo linavunja kutu kuliko nguvu ya kusukuma taratibu. Lakini pigo linapotea njiani kirahisi sana. Ile ekstensheni ndefu unayoweka kufikia tairi ya ndani inajipinda kama springi na kula sehemu ya kila pigo. Adapta ya kutoka nusu inchi kwenda robo tatu inakula. Soketi iliyochakaa pembe inacheza kwenye nati, inakula. Na zile soketi zinazong'aa za mkono acha kabisa, zinapasuka na kipande kinaruka machoni, tafuta nyeusi nene za mashine. Sikiliza pia mlio, nati inayogoma inatoa mlio mkavu, ka-ka-ka, sawasawa bila kubadilika, ikianza kukubali mlio unalegea na soketi inaanza kutembea kidogo. Sekunde 10 mlio haujabadilika acha, usichome bateri. Paka mafuta ya kutu kwenye nyuzi, subiri hata robo saa, kaza kidogo pigo moja mbili alafu rudisha kufungua. Ile kwenda na kurudi inavunja kutu kuliko kung'ang'ania upande mmoja.

Ukishafanya hayo yote na kazi zako nyingi ni malori, basi weka hela kidogo kidogo uchukue ya robo tatu inchi yenye bateri ya seli 10 za kweli, siyo nusu inchi yenye namba kubwa. Ile ya sasa ibaki ya Noah na Hiace, inafanya kazi yake vizuri. Na bomba usilitupe, lina kazi kwenye jibu linalofuata.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina lori la tumbaku, Urambo na Kaliua kuja Tabora. Tangu fundi wangu anunue mashine ya bateri anakaza tairi mpaka mashine ilie, anasema ndo usalama. Mwezi uliopita stadi mbili zimekatika kwa mpigo tairi ya nyuma. Anasema stadi za siku hizi ni feki. (Mwenye gari, Tabora)

JIBU: Mzee wangu, stadi feki zipo kweli, lakini hapa namshuku fundi wako, na nasema hivi kwa sababu nilishafanya kosa hilo hilo. Nilikaza tairi ya tela kwa mashine usiku, nikaondoka nimeridhika, kabla ya Malagarasi dereva akasema kuna kitu kinagonga. Kushuka na tochi, stadi tatu hazipo, matundu ya rimu yameshakuwa mviringo wa yai na unga mwekundu wa kutu unatoka pembeni ya nati zilizobaki. Tairi ingetoka na kuna watu hapo pembeni ya barabara, sipendi hata kufikiria.

Mashine hii haipimi kitu. Ukiishikilia sekunde 5 kwenye nati yenye mafuta na sekunde 5 kwenye nati kavu yenye kutu unapata vitu viwili tofauti kabisa. Stadi ni kama mpira, inavutika kidogo na ule mvuto ndo unaishika tairi, ukiivuta kupita kiasi inabaki imerefuka, hairudi, alafu inakatika siku nyingine barabarani, na ikikatika moja jirani zake zinabeba mzigo wake, ndo maana zako zimeenda mbili. Hizo zilizobaki kwenye tairi hiyo badilisha zote mzee, usihurumie hela.

Mwambie fundi hivi. Asugue uso wa rimu na wa habu, pale rimu inapokaa, kwa brashi ya waya, maana rangi nene, kutu na tope la Urambo vikibanwa hapo kati vitasagika njiani na nati italegea yenyewe hata kama aliikaza vizuri. Nati aanze kwa vidole mizunguko kadhaa. Mashine aitumie kwa gia ya chini kuifikisha tu, akiruka upande kwa upande, asizunguke kwa mpangilio. Ashushe jeki. Alafu amalizie kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa namba ya kitabu cha gari lako.

Na kama hana toki renchi, ndo lile bomba. Apime mita 1 kuanzia katikati ya nati, bomba lilale sawa na ardhi, mtu wa kilo 60 aliyepimwa aweke uzito wake wote hapo mwisho taratibu bila kuruka, hiyo ni kama 590 Nm. Haifikii renchi lakini ni bora mara kumi kuliko mpaka ilie. Alafu ukitembea kilomita 50 mpaka 100 simama urudie kukaza. Ukitoka Urambo ukifika Tabora mjini ndo hapo hapo, kabla hata ya kushusha mzigo.

SWALI: Naweza kuchaji bateri za mashine kwenye lori au sola, maana huku Sikonge kijijini umeme haujafika kwetu? (Dada fundi, Sikonge)

JIBU: Unaweza dada. Bateri ya 18V 5Ah ni kama wati 90 za saa moja, ongeza kidogo za kupotea kwenye chaja, kwa hiyo hata sola ya kawaida yenye betri inamudu mbili tatu kwa siku. Kwenye lori angalia volti, malori mengi ni 24, chaja au inveta ya 12 ukiichomeka humo unaiua papo hapo. Bateri ikitoka kwenye kazi ngumu iache ipoe kivulini ndo uichaji, na usiiache kwenye dashibodi jua la mwezi wa kumi la huko kwenu.