Hiyo "kulaani vikali" mnaitoa wapi?

Swali limetoka kwa msomaji wa Makorora, hapa hapa Tanga. Anaandika: "Mwalimu shikamoo. Juzi redioni mtangazaji alikuwa anasoma habari za nje, akasema serikali ya huko 'imelaani vikali hofu ya Uislamu'. Barazani tukabishana mpaka magharibi inaadhiniwa. Mmoja anasema iko sawa, ndo Islamofobia hiyo kwa Kiswahili, mwengine anasema ilitakiwa iwe chuki dhidi ya Uislamu, mie nikasema tukuulize. Lipi sahihi? Na tuandike Muislamu au Mwislamu?"

Marhaba mwanangu. Yote mawili ntakujibu, ila hiyo sentensi yako ina ugonjwa mkubwa kuliko huo ulouliza, upo kwenye maneno mawili ya mwanzo ambayo barazani nyote mmeyapita kama hamkuyaona. "Imelaani vikali". Hilo ntalifikia na leo siliachi.

Kwanza hofu. "Hofu ya Uislamu" haifai, naifuta. Hilo neno la kizungu, Islamofobia, lina kipande cha Kigiriki, fobia, maana yake hofu, mtafsiri kaona hofu kaandika hofu kazi kwisha. Lakini siye hofu tunayo ya kwetu, tumeipata kwa Waarabu tukaizoea kivyetu. Mtu wa pwani akisikia "hofu ya Mungu" anasikia sifa, msikitini inahubiriwa, kanisani inahubiriwa, ukisema binti fulani ana hofu ya Mungu ushamtafutia mchumba. Sasa mwambie mzee yeyote wa Ngamiani "yule bwana ana hofu ya Uislamu", atakujibu mashaallah. Halafu mwenye hofu kwetu anaonewa huruma. Mtoto ana hofu ya giza unamwashia taa, mgonjwa ana hofu ya sindano unamshika mkono. Yule mtu alieingia na bunduki kwenye misikiti miwili ya Christchurch kule New Zealand, Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019, akauwa watu 51 walokwenda kuswali, naye alikuwa na hofu? Tumshike mkono? Ile ilikuwa chuki, na tarehe hiyo hiyo ndo Umoja wa Mataifa mwaka 2022, kwa hoja ilopelekwa na Pakistan, ukaifanya siku ya kupambana na jambo hili duniani, kila mwaka. Hofu haitengewi siku ya kupambana nayo.

Na tena ugonjwa ambao zamani Wazungu waliuita kwa jina la kuogopa maji, wazee wetu hawakusema "hofu ya maji", waliangalia kinachotokea wakasema kichaa cha mbwa. Afrika Kusini mwaka 2008 wageni walipopigwa na kuchomewa nyumba, tulisema chuki dhidi ya wageni, si hofu ya wageni. Basi njia tunayo na tulishaipita, kwanini kwa Waislamu tu ndo turudi kwenye hofu?

Chuki basi. Ila chuki dhidi ya Uislamu au dhidi ya Waislamu? Hapa Kiswahili kimebarikiwa kwelikweli, herufi za mwanzo tu zinakata kesi ambayo wenzetu imewatoa jasho. Bunge la Kanada liliwahi kuwa na hoja namba 103 ya kupinga Islamofobia, ya mbunge Iqra Khalid, iliwasilishwa Desemba 2016, kabla haijapigiwa kura mtu mwenye bunduki akaingia msikitini mjini Quebec, Januari 29, 2017, akauwa waumini 6. Ungedhani baada ya hapo watu wangekaa kimya wakapiga kura. Wapi, ugomvi ukawa neno! Wapinzani wakasema hilo neno Islamofobia halina mpaka, halijulikani linakataza kuwachukia watu au linakataza kuikosoa dini, litolewe liwekwe jengine. Hoja ilikuja kupita Machi 2017 kwa kura 201 dhidi ya 91. Uingereza nako mabishano ya fasili ya neno hili, yaani maana yake rasmi, yamekwenda miaka, serikali moja ikaikataa fasili ilopendekezwa mwaka 2019, nyengine 2025 ikaunda kikundi kazi kutafuta fasili mpya. Siye tuna u- na wa-. Uislamu ni dini, na dini hapa Tanzania zinajadiliwa uwanjani kwa spika kubwa, mihadhara ya Waislamu na Wakristo tumeiona, mmoja kashika Biblia mwengine kashika Msahafu, wanabishana jua linazama, wakimaliza wanapanda daladala moja. Ule ni ubishi wa dini, mtu ana ruhusa nao. Waislamu ni watu, wana majina, wana watoto. Mtu akinyimwa chumba cha kupanga kwa sababu ya hijabu, akiachwa kwenye kazi kwa sababu anaitwa Juma, pale aliedhulumiwa ni mtu. Kwa hiyo chuki dhidi ya Waislamu, na ikishafika kwenye kumnyima mtu haki yake iite ubaguzi dhidi ya Waislamu. Islamofobia kwa herufi zetu waachieni wanafunzi wa chuo kwenye makala zao, siipendi lakini sina nguvu ya kugombana nayo, angalau haidanganyi kama inavyodanganya hofu.

Sasa njoo kwenye laani, ambayo imenikera miaka na miaka.

Fungua redio yoyote saa mbili usiku. Umoja wa Mataifa umelaani vikali, waziri kalaani vikali, mkuu wa mkoa kalaani vikali, chama cha mpira kimelaani vikali mashabiki kung'oa viti. Daima vikali! Sijapata kusikia mtu kalaani kidogo, au kalaani kiasi, kwa hiyo hilo vikali halina kazi, limegandia pale kwa mazoea tu mtangazaji anakuta kishasema. Lakini vikali naweza kuivumilia, nisichovumilia ni kitenzi chenyewe.

Kulaani kwetu nini? Laana ni jambo zito linalotoka kinywani mwa mzazi, kinyume chake ni radhi. Mtu akifeli kila anachogusa, watu wa nyumbani wanaulizana pembeni, huyu hana laana ya mama yake huyu? Na ikionekana anayo, ukoo unakaa kitako, mama anaombwa, anatema maji anatoa radhi, ndo mtu anafunguka. Kulaani ni kumshtaki mtu kwa Mungu, mdomo ni wako, mkono wa kuadhibu si wako. Na anaelaani ni nani? Ni yule alieishiwa. Mama kapigwa na mwanawe, mjane kaporwa shamba, fukara kazungushwa mahakamani mpaka nauli imemwisha, hao ndo wanainua mikono wakalaani, kwa sababu hawana kingine cha kufanya. Pwani yote hii mtu kaibiwa, karipoti, kangoja, mwisho anakwenda kwa shehe aombewe albadiri. Sasa serikali ikilaani ni kama kamanda wa polisi kakaa kituoni anasoma albadiri na funguo za mahabusu zipo kiunoni. Unamlaani nani na askari unao? Bunge unalo, mahakama unayo, bajeti imepita. Wewe si mjane.

Mtasema nazidisha, ni neno tu. Si neno tu jamani. Rudini New Zealand. Baada ya yale mauaji bunge lao tarehe 10 Aprili 2019, mwezi haujaisha, lilipitisha sheria ya kupiga marufuku silaha nyingi za aina ile alotumia muuaji, kura 119 kwa 1, na baadae serikali ikazinunua kutoka kwa raia walokuwa nazo. Hilo ni tendo na kitenzi chake kipo, kupiga marufuku. Ukiandika tu "serikali ya New Zealand yalaani vikali" umewadhulumu, kazi yao umeifunika. Na upande wa pili, serikali ilosimama mbele ya kamera dakika tano ikasoma karatasi ikaenda kula, ukiiandikia "yalaani vikali" umeipamba kwa kitu haikufanya, msomaji anakunja gazeti anaona lo, hawa wamechachamaa. Hata hiyo hoja ya Kanada haikuishia kwenye kulaani, ilitaka kamati ya bunge ichunguze ubaguzi huo na ilete ripoti ndani ya siku 240, lakini mtafsiri mvivu akilikuta lile neno la kulaani tu anaandika "bunge lalaani" anafunga kazi, habari ya kamati imekufa hapo.

Na vitenzi vingine si kwamba hatuna, tunavyo tele, na kila kimoja kina uzito wake. Kusikitika, kushutumu, kukaripia, kukemea, kuonya, kukataza, kupiga marufuku, kushitaki. Ukikemea lazima unaemkemea awepo akusikie. Ukishutumu lazima useme nani kafanya nini. Kulaani mtu yeyote anaweza, hata chumbani peke yake taa zimezimwa, na alielaaniwa yuko mji mwengine hana habari. Ndo maana wanasiasa wanaipenda, haiwadai chochote kesho asubuhi. Tazama Katiba yetu, ibara ya 13: ni marufuku mtu kubaguliwa, na yanapotajwa mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo, dini imo. Ni marufuku! Walioandika pale hawakuandika kwamba Jamhuri inalaani vikali ubaguzi, walijua wanaandika nini, na mwenye nyumba aliemfukuza binti wa watu kwa ajili ya kilemba chake anatakiwa akutane na neno hilo, halafu akutane na hakimu.

Shehe akilaani namwachia, askofu namwachia, bibi yako pia, ni haki yao na wanajua wanapoipeleka. Serikali naikatalia. Najua siwezi kuwafuta watangazaji wote nchi hii, wapo vijana wamesoma kabisa na bado wanalaani vikali kila saa, lakini wewe wa Makorora umeuliza na mie nimekujibu.

Basi kama ile serikali ilisema tu, andika: serikali imeshutumu chuki dhidi ya Waislamu. Kama ilitunga sheria: serikali imepiga marufuku ubaguzi dhidi ya Waislamu. Kama ilikamata mtu, sema kakamatwa nani na kwa kosa gani.

Na lile la mwisho, ni Mwislamu. Mtu wa Uingereza ni Mwingereza na wa Italia ni Mwitaliano, hatuandiki Muingereza wala Muitaliano, hilo nalo halina sababu ya kwenda kivyake. Wazee wetu wa huku pwani wakitamka Msilamu, hao waacheni.