Sauti ya Baba, Uso Wangu

Baba yangu alijulikana karibu kila kona ya nchi, na hakuna aliyemjua kwa sura. Aliigiza michezo ya redio enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, wakati huku Bara hatuna televisheni kabisa. ITV imekuja kuruka hewani mwaka 1994. Alikuwa anapanda daladala Mwenge hadi Posta amesimama, hakuna wa kumpisha. Akisema tu "shusha kituoni," konda anageuka: "Mzee, kumbe ni wewe!" Siku moja Kariakoo anaulizia bei ya misumari, duka zima likaangua kicheko kabla hajamaliza kuuliza. Ile sauti walizoea kuisikia ikitapeliwa kwenye michezo ya redio.

Naandika haya kwa ajili ya mabinti wanaoniuliza, "Dada, na mimi mzazi wangu ni msanii, nianzie wapi?" Mdogo wangu, anza kwa kujua umerithi kitu gani. Mimi nilirithi sauti, na ilinitesa.

Nilianza 2011, filamu zetu zikiuzwa kwa DVD pale Kariakoo na kasha likiwa ndiyo kila kitu. Sini yangu ya kwanza naletewa habari kwamba mume wangu amefariki. Nililia, jamani! Nilipiga ukunga, nikasema "mume wangu, umeniacha na nani," nikajitupa chini. Fundi sauti akavua hedifoni. Muongozaji akakata, akaniuliza taratibu, "Unamlilia mume au unawaita majirani?" Lokesheni nzima ikanyamaza. Tukarudia mara sita, na zote zilikuwa mbaya.

Nyumbani nilimkuta baba kibarazani. Nikamwamkia, nikamsimulia. Akasema, "Mama, mimi redioni nilikuwa namwonesha mtu asiyeniona. Nikiona nyoka lazima niseme nyoka. Wewe unaonekana. Mbona unamweleza mtu kitu anachokiona?"

Sentensi hiyo ndiyo shule yangu, ingawa baadaye nilikwenda TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa kozi fupi, nikajifunza kupumua na kusimama. Nenda kama unaweza. Chuo kile kinafundisha sanaa tangu 1981 na utakutana na watu wa ngoma na sarakasi watakaokuonesha mwili wako unaweza nini. Lakini kunyamaza nilijifunza kwa njia ya kienyeji. Narekodi kwenye simu maneno ya mwigizaji mwenzangu tu, pale pangu naacha nafasi tupu. Kisha naosha vyombo huku nasikiliza, bila kujibu. Nikisikiliza mara kumi hivi, najua ni neno gani lake linaloniuma, na uso unafanya kazi yake wenyewe. Wengi tunakariri ya kwetu tu, tukifika mbele ya kamera tunasubiri zamu kama foleni ya maji.

Siku hizi tamthilia inakwenda miezi na miezi, kwa hiyo kuwa na daftari la mhusika. Mkufu gani alivaa, alikuwa na kinyongo na nani, mkono upi ulifungwa bandeji. Mimi niliwahi kuchechemea mguu wa kulia Jumatatu na wa kushoto Alhamisi. Watazamaji walinisema wiki nzima, na walikuwa na haki.

Kuhusu jina la mzazi: mlango litakufungulia, ila litakupunja pia. Mtayarishaji mmoja alinifanyisha kazi siku tisa, mwisho akanipa nauli. "Wewe ni mtoto wetu, mzee tunamheshimu sana." Sikuwa na karatasi yoyote, nikabaki na hiyo heshima. Tangu hapo sivai nguo za mhusika kabla ya mkataba: siku ngapi, kiasi gani, malipo ya awali lini, na sini ikirudiwa nani analipa. Andikishaneni hata na mjomba wako. Tena hasa mjomba.

Mambo ya ladha, maana nayo mnauliza. Sipendi wigi wala kope za bandia nikiwa sina kazi. Natoka na kilemba changu. Jumapili nipo Coco Beach na mihogo, pilipili ya kutosha na kachumbari. Kuna dada alinipiga picha akaiandikia "maisha yamempiga." Maisha hayajanipiga, napenda mihogo tu. Na pale ndipo ninapoiba: jinsi mwanamke anavyolamba chumvi kidoleni akiwa na hasira na mwenzake, huwezi kuipata kwenye skripti. Mpira nasikiliza redioni hata kama televisheni ipo mbele yangu. Hilo nalo ni urithi.

Baba sasa macho yanamsumbua. Mwezi uliopita alikuja kwangu, tamthilia yangu ikaanza. Akaipa televisheni mgongo kabisa, anahangaika na betri za kiredio chake. Ilikuwa ile sini ninayoipenda, nimepewa talaka, dakika nzima sisemi neno. Mimi nikawa namtazama yeye. Akaacha betri.

"Hapo ulikuwa unaanua kanga?"

"Ndiyo, baba. Umejuaje?"

"Nimesikia ukiikung'uta. Ilikuwa haijakauka vizuri."

Akarudi kwenye betri zake.