Kilo 6 zimekuwaje 20?

Swali: Boksi langu la vikapu lina kilo 6 kwenye mizani ya nyumbani. Wasafirishaji wa ndege wamenitoza kilo 20. Nimeibiwa? – Msomaji, Likoni

Jibu: Hapana ndugu, umelipia nafasi. Wengi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wakagawanya kwa 5000, kisha hutoza uzito ulio mkubwa kati ya huo na ule wa mizani. Boksi la 60 × 40 × 40 ni kilo 19.2, nazo hupandishwa. Vitumbukize vikapu kimoja ndani ya kingine, ukate boksi libaki kimo cha 25: utalipia kilo 12. Likifura ubavuni hupimwa pale palipofura, kwa hiyo likaze kwa selotepu. Uliza kigawanyo mapema. Wengine hutumia 6000, na ada ya mafuta huongezwa juu.