Kuhamia Nakuru: vyombo viwekwe wapi?

SWALI: Nimehamishiwa kazini Nakuru kutoka Mombasa, na chumba nilichopata hakitoshi vyombo vyangu. Je, nikodi stoo kwa miezi mitatu huku nikitafuta nyumba?

JIBU: Ndugu msomaji, kodi, lakini usilipe kabla ya kukiona chumba chenyewe, na ikiwezekana ukione baada ya mvua kunyesha, kwa maana masika ya Machi hadi Mei hufichua paa linalovuja na sakafu inayonyonya maji. Inua godoro na makabati juu ya mbao, uache nafasi ukutani. Mkataba uwe wa maandishi, utaje kodi, notisi na nani atawajibika mali ikipotea. Kufuli iwe yako. Hati na vyeti kaa navyo mwenyewe.

Kuhusu nyumba, usiharakishe: mitaa ya karibu na Ziwa Nakuru, kama Mwariki, iliwahi kuingiliwa na maji ya ziwa yalipopanda, basi waulize majirani kwanza. Mablanketi usiyafungie stoo, kwa kuwa mji huu uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku itakushangaza wewe uliyezoea pwani.